Simba wa sultani hawana pa kurudi

Mwanao akikuuliza kama simba wote ni wamoja, msimulie habari za simba wa milima ya Atlas, kaskazini mwa Afrika. Madume yake yalikuwa na manyoya meusi yaliyoshuka kutoka shingoni hadi tumboni. Anayetajwa kuwa wa mwisho porini nchini Morocco alipigwa risasi mwaka 1942.

Hata hivyo uzao haukukatika. Masultani wa Morocco walifuga simba katika kasri, wengine wakiwa zawadi za makabila ya milimani. Vitukuu vyao viko leo katika bustani ya wanyama ya Rabat, iliyofunguliwa 2012, na katika bustani kadhaa za Ulaya.

Kazi kubwa ni kuzuia ndugu wasizaliane. Kila simba ameandikwa daftarini, baba yake na mama yake, na dume halipewi jike kabla daftari halijatazamwa. Wakati mwingine simba husafirishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa ajili ya kuoza tu, kama posa za zamani! Jike hubeba mimba siku 110 hivi.

Wataalamu bado wanabishana kama damu ya simba hao haikuchanganyika. Tena, mwaka 2017 waliwaweka kundi moja na simba wa Gir, India; wa Serengeti wako kundi jingine.

Mimi linalonisumbua zaidi ni makazi. Milima ya Atlas sasa ina wachungaji na mbuzi wao, na hakuna mchungaji atakayemkaribisha simba zizini.