Kokoto Aliyekwenda Mkutanoni

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo nimekuja na mgeni. Ni mdogo, anaenea kiganjani. Ni wa kijivu, ila ubavuni ana mstari mweupe. Ni kokoto.

"Mjomba, kokoto naye ana hadithi?"

Anayo, tena ndefu. Nawapenda mnapouliza hivyo. Hebu tumsikilize mwenyewe.

"Mimi ni kokoto wa kando ya njia," akaanza. "Nilikuwa nimekaa zangu, katika kijiji kimoja cha nyanda kavu za katikati ya Tanzania. Akapita msichana wa darasa la tano. Akaniokota mimi na wenzangu, akatutia kwenye kopo. Nikafurahi. Nikajua tunakwenda kuchezwa mdako. Kumbe tunakwenda mkutanoni!"

Mkutanoni, chini ya mwembe, watu wamejaa. Wazee wapo, kina mama wapo, vijana wa bodaboda wapo. Yupo mtendaji wa kijiji, na yupo afisa maendeleo ya jamii, mwenye mkoba uliojaa karatasi. Watu wakangoja azisome. Hakuzisoma. Alichukua kijiti, akainama, akachora mstari mmoja mchangani. "Hii ndiyo barabara yenu," akasema. Kisha akamkabidhi kijiti mama mmoja, akaenda kukaa nyuma.

Mama akachora shule. Akampa mzee. Mzee akachora mto, akaonyesha pa kuchota maji. Hapo yule msichana wa kopo akashindwa kuvumilia. "Babu, shikamoo. Samahani, babu. Kiangazi hapo hapana maji. Tunakwenda kule, nyuma ya kilima, kwenye korongo. Tunatoka alfajiri."

Kimya. Wanaume wakatazamana. Wengi wao hawakuwa wamefika kwenye lile korongo miaka mingi, maana wachota maji ni kina mama na watoto. Mzee akatabasamu, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Shika kijiti, utuonyeshe." Msichana akafuta kwa kiganja, akachora upya. Akamtoa kokoto wetu koponi, akamweka pale korongoni.

"Basi nikawa maji," anasema kokoto. "Mimi, wa kando ya njia!"

"Mjomba, kwa nini hawakuchora kwenye karatasi?"

Swali la mtu mwenye akili! Kwenye karatasi, anayesema ni mwenye kalamu. Asiyejua kusoma anajikunyata. Akikosea mtu, anaona haya kukata. Mchangani kila mtu anaweza kuinama, na kosa linafutwa kwa kiganja. Kwa hiyo mkiona watu wanapanga jambo, ulizeni kwanza: nani anashika kijiti?

Kuna mtu aliuliza swali hilo maisha yake yote. Anaitwa Robert Chambers, Mwingereza. Alipokuwa kijana alikuwa afisa wa wilaya nchini Kenya. Baadaye, mwaka 1983, aliandika kitabu akitaka walio nyuma wawekwe mbele. Aliwaambia wataalamu wenzake wakabidhi kijiti: wachore wanakijiji, mtaalamu akae asikilize. Wala si yeye aliyebuni yote, na mwenyewe amesema hivyo. Mwaka 1988, huko Mbusyani, Machakos, wanakijiji walikaa na wataalamu wa Kenya na wa chuo kikuu cha Clark cha Marekani, wakatazama ardhi na maji yao, wakatoka na mpango wa kijiji chao. Mwaka huohuo mambo kama hayo yalikuwa yanaanza kule India. Tanzania nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaanza kupanga mipango ya vijiji kwa utaratibu unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kijiji hakianzi kwa kuhesabu shida peke yake. Kinauliza pia: tuna nini? Tuna mchanga, tuna mafundi, tuna mikono. Mimi naupenda mwanzo huo. Mtu anayeulizwa ana nini huinua kichwa.

Turudi kwa kokoto wetu, anaona tumemsahau.

"Baada ya ramani," anasema, "wakatupanga kumi na wawili kwa mstari. Januari, Februari, mpaka Desemba. Mimi nikawa Oktoba. Juu yetu wakaweka mbegu za mtama. Mwezi wa mvua nyingi, mbegu nyingi. Mwezi wa jua kali, hakuna. Mstari wa pili ukawa wa kazi za shamba. Wa tatu, wa maradhi. Mimi, Oktoba, sikupata hata mbegu moja ya mvua. Nikahuzunika."

"Mjomba, kwa nini mpango unahitaji kalenda?"

Fikirini. Kijiji kinataka kuchimba kisima. Nani atachimba mwezi Januari? Watu wote wako shambani, wanapalilia. Pesa ya mchango itatoka wapi Februari, chakula ghalani kikiwa kinaelekea kuisha? Lakini Oktoba mavuno yako ndani na mikono iko huru. Halafu kuna siri ya wachimba visima: chimba mwishoni mwa kiangazi. Wakati huo maji yameshuka chini kabisa. Ukiyakuta Oktoba, hayatakukimbia Machi. Ukichimba mvua zinanyesha, utayakuta juu juu, utashangilia, na kiangazi kikija ndoo itarudi na matope.

Basi Oktoba, aliyekosa mbegu, ndiye aliyechaguliwa. Kokoto akaacha kuhuzunika.

"Lakini Mjomba, walijuaje waanze na kisima? Huenda wengine walitaka kitu kingine."

Eeh! Hapo ndipo penye kazi. Watu walitaka mambo manne: maji, zahanati, darasa na barabara. Kila mmoja akapiga kelele ya lake. Vijana wa bodaboda ndio waliopiga kelele zaidi, wanataka barabara. Kama mambo yangeamuliwa kwa sauti, wangeshinda.

Afisa akasema, tusishindanishe yote kwa pamoja. Tuyaweke mawili mawili. Maji na darasa, kipi kwanza? Kila mtu akaweka kokoto lake kimyakimya, wakahesabu. Maji. Maji na zahanati? Maji, maana wengi wanaokwenda zahanati wanaugua matumbo. Maji na barabara? Maji. Zahanati na darasa? Zahanati. Zahanati na barabara? Zahanati. Darasa na barabara? Darasa. Hesabuni wenyewe: mambo manne yanatoa jozi sita. Maji yalishinda mara tatu, zahanati mara mbili, darasa mara moja, barabara haikushinda hata mara moja.

Vijana wa bodaboda walinuna kidogo. Lakini waliona kwa macho yao makokoto yakihesabiwa. Na barabara haikutupwa, iliandikwa ya nne, ikangoja zamu yake.

Sasa kuna karatasi moja ambayo wakubwa wanaipenda sana. Wengine huiita bango kitita. Ilitengenezwa mwaka 1969 na Leon Rosenberg na wenzake kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID. Lilikuwa na tatizo: miradi mingi, fedha nyingi, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama mradi umefaulu au la. Karatasi ina vyumba kumi na sita. Msiogope. Isomeni kutoka chini kwenda juu. Tukichimba, tutapata kisima chenye pampu. Tukipata kisima, watu watakunywa maji safi. Wakinywa maji safi, watoto hawataharisha. Mnaona? Kila ngazi inauliza ya juu yake: nikifika mimi, na wewe utafika?

Kando ya kila ngazi unaandika utajuaje. Msichana alisema: tutajua nikiacha kuchelewa shuleni. Afisa akaandika! Kando yake unaandika ushahidi uko wapi: daftari la mahudhurio, daftari la kamati ya maji. Na chumba cha mwisho, ninachokipenda kuliko vyote, unaandika yasiyo mikononi mwako. Huko chini pawe na maji kweli. Yasiwe ya chumvi. Mpango usio na chumba hicho ni wa mtu mwenye kiburi.

Mpango wa kijiji hauishii mchangani. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inauandika vizuri. Mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, unaupitisha. Kisha unakwenda kwenye kata, kisha wilayani. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo kazi hii lazima ianze miezi mingi kabla. Anayeamka Juni amechelewa basi.

"Na kisima kikishachimbwa, Mjomba, mpango umekwisha?"

Hapana, kipenzi changu. Mnamwona mama anapopika mchuzi? Sufuria ikiwa jikoni, anachovya mwiko, anaonja. Chumvi haitoshi? Anaongeza. Hiyo ni tathmini ya katikati ya kazi. Wageni wakishaketi jamvini nao wanaonja, lakini sasa mchuzi umekwishapakuliwa. Hiyo ni tathmini ya mwisho. Mfano huu si wangu, wataalamu wa tathmini hupenda kusema ni wa Robert Stake, Mmarekani. Zote mbili zinahitajika. Ila sisi tunapenda sana ile ya wageni. Tunangoja mradi uishe, tukate utepe, tupige picha. Visima vingi vijijini vimekufa baada ya picha. Kikombe cha mpira ndani ya pampu kililika, spea haikuwapo, na hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuangalia. Kitu kidogo hivi! Inaniuma sana, kwa sababu mtoto anarudi korongoni alfajiri.

Kijiji cha kokoto kilichagua watu wawili wa kuangalia pampu kila Jumamosi. Wanahesabu: ndoo inajaa kwa mapigo mangapi ya mkono? Mapigo yakiongezeka wiki hadi wiki, wanajua kile kikombe kimeanza kulika. Wanatoa fedha kwenye mfuko wa maji, wananunua kipya kabla pampu haijasimama.

Ofisi kubwa za mjini, hospitali, kampuni na hata wizara hufanya mambo hayahaya. Majina ni marefu na meza ni za kioo, lakini maswali ni yaleyale ya pale mwembeni.

"Mjomba, na sisi tunaweza?"

Mnaweza kesho. Bustani ya shule imekauka, sivyo? Okoteni makokoto. Choreni shule mchangani, na mpeni kijiti kwanza yule asiyesema sana darasani. Pangeni miezi. Shindanisheni mambo mawili mawili. Mkimaliza, nakilini kila kitu daftarini kabla kuku hawajapita juu ya ramani, mwandike tarehe na majina ya wote waliochora, kisha mpelekeeni mwalimu mkuu.