Homa Moja, Mitazamo Miwili

AlhamduliLLaah, Himdi zote Anastahiki Allaah Mola wa walimwengu. Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Amma ba'ad:

Amepokea Al-Bukhaariy kutoka kwa Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimzuru Bedui mmoja mgonjwa, akamliwaza kuwa hapana ubaya, ugonjwa huo ni kitoharisho In Shaa Allaah. Bedui akayakataa maneno hayo. Yeye aliona ni homa inayomchemsha mzee ili impeleke kaburini. Mtume akamjibu kuwa basi, na iwe hivyo.

Tuzingatie ndugu zangu: homa ilikuwa moja. Aliyefunguliwa mlango wa kusafishwa madhambi, yeye alichagua kuliona kaburi tu.

Nasi ndivyo tunavyoishi kila siku. Daladala inachelewa: mmoja anatukana, mwenzake kituoni hapo hapo anamaliza nyiradi zake za asubuhi. Mtoto analia saa nane za usiku, na mama aliyechoka anauona mzigo, ilhali huenda jirani yake ana miaka anamuomba Allaah Amruzuku kilio hicho hicho.

Mara nyingi kinachotuharibia mtazamo ni pale tunapoelekeza macho. Katika Hadiyth ya Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyomo kwa Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuelekeza tuwatazame walio chini yetu katika mambo ya dunia, si walio juu yetu, ili tusizidharau neema za Allaah. Mtu amekula akashiba, kisha anafungua simu na kuona nyumba mpya ya mwenzake. Riziki yake haikupungua hata punje, lakini shukurani imeshaondoka.

Isifahamike kuwa Muislamu hatakiwi kuumia. Nabii Ya'quub ('Alayhis Salaam) alilia kwa huzuni mpaka macho yake yakawa meupe, lakini mashitaka yake aliyapeleka kwa Allaah (Suwrat Yuwsuf: 84-86). Mgonjwa aende hospitali, na aliyedhulumiwa adai haki yake. Wala si adabu kumwendea mfiwa na kumwambia abadili mtazamo. Mfiwa hupewa pole, huombewa du'aa na hupelekewa chakula.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuchunge neno la kwanza linalotoka mdomoni likitufika jambo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amefundisha kuwa subira ni pale pigo la mwanzo linapogonga (Al-Bukhaariy na Muslim).

Pili, kabla ya kulala tuhesabu neema tatu za siku hiyo kwa majina yake: mguu uliotembea, mlo uliopatikana, mzazi aliyepokea simu.

Tatu, tukumbuke Suwrat Al-Baqarah, Aayah ya 216: huenda tukakichukia kitu nacho kina kheri nasi. Allaah Anajua, sisi hatujui.

Leo ukirudi nyumbani na ukakuta jambo usilolipenda, mkumbuke yule Bedui, kisha chagua neno lako.

Tunamuomba Allaah Atujaalie macho yenye kuziona neema Zake na nyoyo zenye kumdhania kheri. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.