Kazi ya Mjumbe wa Bunge la Jimbo: Habari za Bibi Barbara Jordan wa Texas

Katika chama chetu cha mdahalo nimesikia mara nyingi wenzangu wakisema kwamba kazi ya mbunge ni kusema tu, na kwamba mwenye maneno mazuri ndiye mbunge bora. Mimi sikubaliani nao, lakini si vema kukataa bila ushahidi. Kwa hiyo nakusudia kuwaeleza wasomaji habari za mwanamke mmoja aliyekuwa msemaji hodari kuliko wengi, na hata hivyo kazi yake kubwa aliifanya kwa hesabu na subira.

Kwanza tufahamu utaratibu wa Marekani. Nchi ile ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake la kutunga sheria za mambo ya nyumbani, kama shule, barabara, mishahara na uchaguzi. Bunge la jimbo la Texas lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 150, na Seneti yenye wajumbe 31. Muswada hauna budi kupita katika mabaraza yote mawili kabla ya kupelekwa kwa gavana.

Barbara Jordan alizaliwa tarehe 21 Februari 1936 mjini Houston. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibatisti na karani wa ghala. Siku zile watoto weusi walitengwa na weupe kwa amri ya sheria. Alipokuwa katika shule ya sekondari alikuja mgeni, Edith Sampson, wakili mwanamke mweusi kutoka Chicago, kuzungumza na wanafunzi juu ya kazi za maisha. Tangu hapo Barbara alikata shauri kuwa wakili. Kwa sababu ya ubaguzi hakuweza kuingia Chuo Kikuu cha Texas, basi akasoma Texas Southern University, chuo cha watu weusi, ambako alisifika kwa mdahalo. Mwaka 1959 alimaliza masomo ya sheria Boston University akarudi nyumbani. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa meza ya kulia chakula ya wazazi wake.

Mwaka 1962 aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas akashindwa. Mwaka 1964 aligombea tena, akashindwa tena. Je, watu hawakumtaka? Mtaani kwao walimpa kura nyingi sana. Lakini mgombea alipigiwa kura na wilaya nzima ya Harris, yenye watu zaidi ya 1,200,000, na kura za watu weusi zilimezwa. Tena Texas ilidai kodi kwa mtu kabla ya kupiga kura, na maskini wengi hawakuweza kuilipa. Katika Seneti hali ilikuwa mbaya zaidi, maana wilaya ile kubwa ilikuwa na mjumbe mmoja tu, sawa na sehemu za mashamba zenye watu wachache.

Mambo mawili yakabadilika. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba viti vya mabunge ya majimbo vigawanywe kwa kadiri ya watu, na mwaka 1966 mahakama iliifuta kodi ile ya kura ya Texas. Mwaka huo huo, mipaka ilipokwisha kuchorwa upya, Bibi Jordan aligombea Seneti akashinda. Alikuwa na miaka 30. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Seneti ya Texas, na mtu mweusi wa kwanza humo tangu 1883.

Sasa tazameni hesabu yake. Kwa desturi ya Seneti hiyo, muswada haukujadiliwa bila ridhaa ya theluthi mbili ya wajumbe, yaani 21 kati ya 31. Basi watu 11 waliosimama pamoja waliweza kuuzuia. Mwaka 1967 uliletwa muswada wa kufanya uandikishaji wa wapiga kura kuwa mgumu. Bibi Jordan hakupiga kelele. Aliwaendea wajumbe mmoja mmoja, akapata ahadi za watu kumi, naye mwenyewe wa kumi na moja. Muswada ukafa. Tena alisaidia kupitisha sheria ya kwanza ya Texas ya kima cha chini cha mshahara, kwa ajili ya wafanyakazi ambao sheria ya taifa haikuwafikia.

Mwaka 1972 wenzake walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, na tarehe 10 Juni alishika nafasi ya gavana kwa siku moja, kama ilivyo desturi yao. Baba yake alikuwapo kumwona. Siku ile ile mzee alishikwa na ugonjwa, akafariki kesho yake.

Mwaka huo alichaguliwa kwenda Bunge la taifa, na mwezi wa Julai 1974 hotuba yake juu ya Katiba, katika kesi ya Rais Nixon, ilisikiwa nchi nzima. Alistaafu mwaka 1979, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Texas, kile kile ambacho ujanani mlango wake ulifungwa. Alifariki tarehe 17 Januari 1996.

Wahenga husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini mimi naona kuna la zaidi. Bibi Jordan alishindwa mara mbili, si kwa uvivu, bali kwa jinsi mipaka na kanuni zilivyowekwa. Mimi nina miaka 17, na mwakani nitaweza kupiga kura. Wenzangu, tusiulize tu nani anasema vizuri. Tuulize pia: mipaka imechorwaje, nani ameandikishwa, na mjumbe wetu alipiga kura gani siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi? Wazazi na walimu wetu watatusaidia kupata majibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne