Je, Wajua? Madawati ya Msaada Hayafuti Sumu ya Kiwanda

Kampuni inapokabidhi madawati shuleni, wapiga picha hujaa. Inapomwaga maji machafu mtoni, hakuna anayealikwa. Sera za serikali kuhusu biashara na haki za binadamu zimewekwa kwa ajili ya siku hiyo ya pili, nazo zinamhusu kila mwenye shamba, kibarua na mlipa kodi. Yajue haya.

Je, wajua kwamba mwongozo mkuu wa dunia kuhusu jambo hili una kanuni 31 tu? Uliandaliwa na Profesa John Ruggie, aliyeteuliwa na Kofi Annan mwaka 2005, na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likauridhia bila kupingwa tarehe 16 Juni 2011. Umekaa juu ya mafiga matatu: serikali ilinde haki, kampuni iheshimu haki, na aliyeumizwa apate nafuu. Ondoa figa moja, chungu kinamwagika.

Je, wajua kwamba kwa mwongozo huo, hisani hailipi deni la haki? Kampuni iliyojenga zahanati bado inawajibika kwa kibarua iliyempunja mshahara. Msaada ni hiari yake. Kutomuumiza mtu ni wajibu.

Je, wajua kwamba kanuni hizo zinagusa biashara za kila ukubwa, kuanzia karakana ya mtaani hadi kampuni yenye matawi duniani kote? Serikali nayo haijasazwa. Inatakiwa kuyabana zaidi mashirika inayoyamiliki, na kuzikumbuka haki za watu inapotoa zabuni.

Je, wajua kwamba Uingereza ndiyo iliyotangulia kutoa mpango wa kitaifa wa kutekeleza kanuni hizo, mwaka 2013? Barani Afrika, Kenya ilitangulia kuandaa wake mwaka 2019, Uganda ikafuata mwaka 2021. Wa Kenya unashughulikia mambo matano: ardhi na maliasili, uwazi wa mapato, mazingira, kazi, na njia za kupata nafuu.

Je, wajua kwamba kampuni nayo ni "mtu" machoni pa Katiba ya Kenya ya 2010? Kifungu cha 20 kinasema haki zilizoorodheshwa katika Sura ya Nne zinawabana watu wote pamoja na vyombo vya dola, na Kifungu cha 260 kinaitaja kampuni ndani ya maana ya neno "mtu". Kwa hiyo mwajiri hawezi kusema haki za binadamu ni shauri la serikali peke yake.

Je, wajua kwamba Tanzania ilibadili Sheria ya Madini mwaka 2017 na kumtaka mwenye leseni ya kuchimba aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, na akubaliane na halmashauri ya eneo husika? Mgodi haukai peke yake ukachagua mchango unaoupendeza.

Je, wajua kwamba nyufa za jengo la Rana Plaza zilionekana siku moja kabla ya maafa? Benki na maduka ya jengo hilo nchini Bangladesh yalifungwa, lakini washonaji nguo waliamriwa kurudi kazini. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo likaporomoka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Walikuwa wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Msiba huo uliichochea Ufaransa kutunga sheria ya mwaka 2017, inayozitaka kampuni zake kubwa zitambue na kuzuia madhara kwa watu na mazingira, hata yanayotokana na matawi na wagavi wao ng'ambo.

Je, wajua kwamba sheria hiyo ya Ufaransa imeshatajwa kuhusu ardhi yetu? Mwaka 2019 mashirika ya Ufaransa na Uganda yaliishtaki kampuni ya Total kwa sababu ya visima vya mafuta vya Tilenga na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mwaka 2023 mahakama ya Paris iliikataa kesi kwa sababu za utaratibu.

Je, wajua kwamba wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, waliifuata kampuni mama ya mgodi wa shaba hadi London? Walidai mgodi umechafua maji yao. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kampuni hiyo mama, Vedanta, inaweza kushtakiwa huko, na mwaka 2021 pande mbili zikamalizana kwa makubaliano.

Je, wajua kwamba mlango huo unafunguka hata huku kwetu? Wahakiki wa maudhui ya Facebook waliofanya kazi Nairobi chini ya mkandarasi walipoishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, kampuni hiyo ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa dai hilo.

Je, wajua kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa zieleze kama madini ya bati, tantali, wolframu na dhahabu zinayotumia yanatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au nchi tisa jirani? Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo.

Je, wajua kwamba Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kuomba ruhusa ya mwajiri ili ahamie kazi nyingine? Machi 2021 ikaanza kutumia kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Mwenye ndugu huko amjulishe.

Je, wajua kwamba wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidai haki yao hadi mwisho? Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi katikati ya makazi. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aligundua mtoto wake ana sumu hiyo mwilini, akaanza kupaza sauti. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama haikuishia kwa wenye kiwanda: vyombo vya serikali vilivyopaswa kulinda navyo viliwajibishwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Na je, wajua kwamba Kenya haitozi ada ya kufungua kesi ya kudai haki za kikatiba? Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema hivyo, tena kinamruhusu mtu kumsemea mwenzake asiyeweza kujisemea.

Basi kampuni ikija barazani na madawati, yapokeeni na mshukuru. Kisha aulize mmoja wenu maswali ya mafiga matatu: nani anatulinda, ninyi mtatuheshimu vipi, na tukiumia tutaenda wapi? Majibu yaandikwe, na nakala ibaki kijijini.