Kunguru Anayefuata Watu

Kunguru wa Noe na kunguru wa Eliya tunawajua wote katika Maandiko. Leo tuseme habari ya kunguru mwingine, asiye wa Afrika, ambaye kwa muda wa miaka mia na zaidi ameenea katika inchi za mashariki. Habari hii inatuhusu sisi watu wa Lubumbashi, maana kamio zinazochukua shaba yetu hufika mpaka bandari ya Dar es Salaam, na huko amejaa.

Kwanza tumtofautishe. Kunguru wetu wa Katanga ana kifua cheupe, na weupe ule unazunguka shingo. Yeye ni mwenyeji wa Afrika. Yule mgeni ni mdogo kidogo. Shingo na kifua chake ni rangi ya majivu. Uso, mabawa na mkia ni vyeusi. Wenye elimu ya ndege humwita Corvus splendens. Kwao ni India na inchi za jirani.

Alifikaje Afrika? Katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja, ili ale takataka za mji. Shauri lilionekana jema. Lakini ndege hakukaa kisiwani: alivuka mpaka bara, na mwaka 1947 alionekana Mombasa. Wengine walisafiri bila kualikwa, juu ya merikebu, wakila makombo ya mabaharia.

Je, huenea kwa nguvu ya mabawa tu? Hapana. Kunguru huyu hakai porini mbali na watu. Hutoka jalala hata jalala, soko hata soko. Hula kila kitu: makombo, nyama, samaki, matunda, mayai, vifaranga vya kuku na makinda ya ndege wadogo. Basi mahali anapozidi, ndege wadogo hupungua, na mama mwenye kuku hupata hasara.

Kumwondoa ni kazi ngumu, kwa kuwa ana akili. Akiona mwenzake amekufa penye chambo, hali tena pale. Kwa sababu hiyo Kenya walitumia sumu inayoua polepole, ndege akiwa amekwisha kwenda zake. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza shauri la kuua kunguru milioni moja. Tangu 1947 ilikuwa imepita miaka 77.

Sasa tutazame Uholanzi. Mwaka 1994 kunguru wawili wa namna hii walionekana katika bandari ya Hoek van Holland, wakazaana. Serikali ilipoamua kuwaondoa walikuwa makumi tu, na kazi ilikwisha.

Tufanye nini basi? Kwanza, takataka zifukiwe shimoni, na masoko na machinjio yafagiliwe kila jioni. Pasipo makombo kunguru huyu hana maisha. Pili, watoto wafundishwe wasimpige mawe kunguru mwenye kifua cheupe. Tatu, mtu akiona mwenye shingo ya majivu, hasa mahali kamio zinapolala au karibu na stasio ya treni, apeleke habari upesi kwa wakubwa wa mazingira, hata kama ni mmoja. Kunguru wawili huondolewa kwa siku chache. Milioni moja huwashinda hata wenye serikali.