Mfupa Ulio Hai

Mfupa wa ng'ombe uliotupwa jaani huwa mweupe, mkavu na mgumu kama jiwe, na wengi hudhani hata ulio mwilini uko hivyo. Sivyo. Mfupa wa mtu aliye hai una mishipa ya damu na ya fahamu, hutoa damu ukivunjika, na hujiunga wenyewe.

Takribani theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini, hasa kalisiamu na fosfeti. Sehemu kubwa ya inayobaki ni nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Kazi ya kila kimoja huonekana hata jikoni. Mfupa wa kuku ukilowekwa katika siki siku kadhaa, madini huyeyuka nao hupindika kama mpira. Mwingine ukichomwa mpaka uwe mweupe, kolajeni huungua, na ukibanwa kidogo tu humeguka. Madini huupa mfupa ugumu. Kolajeni huuzuia usipasuke kama chungu.

Mfupa wa paja ukipasuliwa kwa urefu, nje kabisa huonekana utando mwembamba wenye mishipa mingi ya fahamu. Utando kama huo ndio unaomtoa mtu machozi anapojigonga muundi. Chini yake kuna tabaka gumu, na kwenye ncha kuna sehemu yenye vitundu kama sifongo, ambayo vijiti vyake vimejipanga kufuata njia za uzito wa mwili. Katikati kuna mvungu wenye uboho. Ule wa manjano ni mafuta. Ule mwekundu hutengeneza chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2 kila sekunde. Kwa mtu mzima, uboho mwekundu hubaki zaidi katika nyonga, mbavu, kidari na pingili za uti wa mgongo. Mgonjwa wa selimundu huumwa mno na mifupa kwa sababu chembe zilizopinda huziba vijishipa vinavyoilisha.

Mtoto mchanga huzaliwa na mifupa inayokaribia 300, mingi ikiwa bado na gegedu. Mingine huungana anapokua, hata mtu mzima akabaki na 206. Mifupa hupangwa katika makundi. Mirefu ni pamoja na ya vidole, kwani kinachotazamwa ni umbo. Mifupi iko kwenye kifundo cha mkono. Bapa ni kama ya fuvu na bega. Pingili za mgongo hazina umbo la kufananishwa. Pia ya goti imo katika kundi lililopewa jina la mbegu ya ufuta, ambalo mifupa yake hukaa ndani ya kano.

Mifupa hubeba mwili, hulinda ubongo na moyo, na misuli huivuta mtu akatembea. Kazi isiyoonekana ni ya ghala: asilimia 99 ya kalisiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Kalisiamu ikipungua katika damu, moyo na misuli huyumba, hivyo tezi ndogo za shingoni huamuru mfupa uitoe. Seli nyingine hubomoa, nyingine hujenga, maisha yote. Mtoto asipopata kalisiamu ya kutosha, au vitamini D ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, mfupa hubaki laini na miguu huota matege. Hadi umri wa miaka 30 hivi ujenzi hushinda ubomoaji. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, homoni iliyokuwa ikizuia ubomoaji hupungua, na baada ya miaka kadhaa bibi akiteleza uani huweza kuvunjika shingo ya mfupa wa paja.