Kwa nini daktari chipukizi anahitaji kufunzwa utafiti

KWA miaka mingi, mwongozo wa matibabu ulishauri kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vyema mwilini aongezewe maji mengi mshipani kwa haraka.

Hata hivyo, mnamo 2011 utafiti uliopewa jina FEAST ulionyesha kinyume.

Utafiti huo, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka kituo cha utafiti cha Kilifi, ulihusisha zaidi ya watoto 3,100 nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Takriban asilimia 10.5 ya walioongezewa maji kwa kasi walifariki katika saa 48 za kwanza. Miongoni mwa wale ambao hawakuongezewa kwa njia hiyo, walikuwa asilimia 7.3.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Nia njema ya daktari haitoshi kuthibitisha kwamba tiba inafaa.

Kujua ukweli kunahitaji ujuzi maalumu: kugawa wagonjwa katika makundi bila upendeleo, kukadiria idadi inayotosha, na kuomba idhini ya mzazi ambaye mwanawe yu mahututi. Aidha, mtafiti sharti ajue kusitisha kazi hatari inapojitokeza. FEAST ilikoma kusajili watoto mapema kufuatia ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikichunguza takwimu zake.

Ujuzi huo haupatikani kikamilifu katika shahada ya kwanza ya udaktari. Ndiyo maana kituo cha Kilifi, kilichoanzishwa 1989 na taasisi ya KEMRI pamoja na shirika la Wellcome Trust, kimekuwa kikiwalea chipukizi hatua kwa hatua. Wapo wanaoanza kwa mafunzo kazini, kisha diploma ya mbinu za utafiti inayotolewa na Chuo Kikuu cha Pwani, hadi uzamili na uzamifu, wakiongozwa na wasimamizi wenye tajriba.

Kikwazo kikuu ni muda. Daktari anayeshinda wodini hawezi kufanya utafiti usiku.

Nchini Marekani, taasisi ya kitaifa ya afya, NIH, ilianzisha mpango wa aina hii mwaka wa 2006. Ruzuku yake kwa watafiti chipukizi ilisisitiza watengewe angalau asilimia 75 ya muda wa kazi kwa utafiti.

Bila muda kama huo, hospitali zitaendelea kutoa tiba ambazo hakuna aliyezipima.